Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam na Kumbukumbu ya Majina



Katikati ya jiji la Dar es Salaam, mwendo mfupi kutoka ufukwe wa Bahari ya Hindi, ipo bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1893, zama za utawala wa Wajerumani. Jirani yake yapo Makumbusho ya Taifa, katika mtaa uliopewa jina la Shaaban Robert. Makumbusho hutunza vitu; bustani hutunza miti. Swali la mhadhara huu ni moja: majina ya miti hiyo yatunzwe na nani?

Bustani hiyo haikuanzishwa kwa ajili ya matembezi. Franz Stuhlmann, anayetajwa kuwa msimamizi wake wa kwanza, alikuwa mwanasayansi aliyetumikia serikali ya kikoloni, na shabaha ilikuwa kujaribu mimea ya kigeni ili ijulikane ipi ingeleta faida katika koloni. Mwaka huohuo wa 1893, Richard Hindorf aliingiza nchini zao lililokuja kutawala uchumi wa Tanganyika. Kati ya vichipukizi 1,000 vilivyosafirishwa kutoka Florida, 62 tu vilinusurika, vikapandwa karibu na Pangani. Mmea ulikuwa mgeni, lakini Kiswahili hakikuukopea jina. Wenyeji walikuwa na mmea wao wa porini uliotoa nyuzi, nao waliuita mkonge. Jina hilo likapanuliwa maana, likamlaki mgeni. Leo asemaye “mkonge” humkusudia mgeni, mwenyeji amesahauliwa.

Mwanafunzi wa lugha anayeizuru bustani kama hii hana budi kutazama miti kwa jicho la pili. Mwarobaini, uliotoka bara Hindi, umebeba nambari ya Kiarabu na imani ya watu kwamba hutibu maradhi arobaini. Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hiyo imetimia katika mti. Mpera, wenye asili ya Amerika ya kitropiki, jina lake huhusishwa na neno la Kireno kwa tunda jingine kabisa. Mdalasini unatokana na maneno ya Kiajemi yenye maana ya mti wa China, ingawa mdalasini bora umesifika tangu kale kwa kutoka Sri Lanka. Mshelisheli asili yake ni visiwa vya Pasifiki, lakini jina lake linataja visiwa vya jirani, Shelisheli.

Je, majina hayo yamekosea? Msomaji wa haraka atasema ndiyo. Lakini jina la mmea si cheti cha kuzaliwa. Ni kumbukumbu ya mahali wasemaji walipokutana na mmea, na ya watu waliowakabidhi. “Mshelisheli” hausemi mti ulizaliwa wapi. Unaelekeza kwenye bandari ambayo watu wa pwani waliihusisha nao. Kwa mwanahistoria wa lugha, habari hiyo ina thamani kuliko usahihi wa kijiografia.

Wala Kilatini cha wanasayansi hakina tofauti. Miongoni mwa mimea iliyoipa sifa bustani ya Dar es Salaam ni mnazi wa ajabu wa Shelisheli, wenye mbegu kubwa kuliko zote duniani. Jina lake la kisayansi ni Lodoicea maldivica, yaani wa Maldivi, ambako haukuota kamwe kwa asili. Mbegu zake zilisukumwa na mawimbi hadi Maldivi kabla wasomi hawajauona mti wenyewe. Sayansi nayo iliandika bandari badala ya chimbuko. Hata hivyo jina lake limeheshimiwa, likahifadhiwa.

Aidha, sarufi yenyewe imeshiriki kazi ya kupanda. Mti wa Madagaska wenye maua mekundu kama moto huchanua karibu na mwisho wa mwaka. Wasemaji walichukua jina la sikukuu, wakalipachika kiambishi cha ngeli ya miti, ukapatikana mkrismasi. Huko kwingine mti huohuo huitwa mkakaya, au mjohoro, na mjohoro ni pia jina la mti mwingine wa kigeni wenye maua ya manjano. Hapa ndipo penye kazi. Mtu akisema “mjohoro”, amekusudia upi, na anazungumza lahaja ya wapi?

Kamusi zetu za lugha moja mara nyingi hulijibu swali hilo kwa maneno matatu: “aina ya mti”. Padri Mfaransa Charles Sacleux, aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo, alikusanya mimea pamoja na maneno, na kamusi yake ya mwaka 1939 iliyaambatanisha majina mengi ya Kiswahili na yale ya kisayansi. Ni jambo la kutahayarisha kwamba, miongo mingi baadaye, Mswahili atafutaye maana kamili ya jina la mti wa uani kwake huelekezwa kwenye kamusi iliyofafanuliwa kwa Kifaransa.

Sehemu ya bustani iliyobaki leo ni ndogo kuliko ile ya awali. Mti ukianguka, mwingine waweza kupandwa. Jina likipotea pamoja na mzee aliyelijua, hakuna kitalu cha kulichipusha. Hapana budi basi mwanafunzi aingie bustanini akiwa na daftari, akifuatana na mtaalamu wa mimea kwa upande mmoja na mtunza bustani kwa upande mwingine, aandike: jina, mahali linapotumika, matumizi ya mti, na majina mengine ya mti huohuo. Kazi hiyo si ya wataalamu wa mimea peke yao. Ni leksikografia, na imechelewa.