Mistari ya Tope la Chala: Kusoma Kuyumba kwa Mvua Katika Enzi ya Barafu



Kila mwaka nikifika kwenye somo la enzi ya barafu, hakosi mwanafunzi wa kuuliza kama Tanga nako kuliganda. Hakukuganda. Barafu ya Kilimanjaro na ya Ruwenzori ilishuka chini kuliko leo, basi. Tope la Ziwa Tanganyika linaonyesha kwamba miaka kama 20,000 iliyopita maji yake yalikuwa baridi kuliko sasa kwa nyuzi 3 hadi 4 hivi. Mtu angevaa sweta. Balaa lenyewe lilikuwa ukame. Ziwa Victoria lilikauka, na wanaotoboa sakafu yake hukuta, chini ya tope laini, udongo mgumu uliowahi kuota majani.

Hayo mmeshayasikia. Mada yangu ni nyingine. Tukisema zama zile zilikuwa kavu tunataja wastani, na mkulima wa Taveta halimi kwa wastani. Yeye anataka kujua kama vuli ya mwakani itafanana na ya mwaka huu. Je, tope linaweza kutujibu swali la namna hiyo, mwaka kwa mwaka, kwa zama za mbali vile?

Katika maziwa mengi haliwezi. Minyoo na wadudu wa sakafuni hulifukua, mawimbi hulikoroga, na kipande cha sentimita moja huwa kimechanganya miaka kwa makumi. Ziwa Chala ni tofauti. Ni kreta ya volkano upande wa mashariki wa Kilimanjaro, na mpaka wa Tanzania na Kenya unakatisha juu ya maji yake. (Sisi huandika Chala, wenzetu Challa, samaki hawana habari.) Eneo lake ni kilomita za mraba 4 na kidogo, kina chake kinapita mita 90. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Maji huja chini kwa chini kutoka mlimani. Kingo zake ndefu hulikinga, na kule chini kabisa hakuna oksijeni, kwa hiyo hakuna mdudu wa kufukua. Kinachozama hubaki pale pale kilipotua.

Sasa tazameni picha ninayoipitisha. Ni tope lililokaushwa, likanyweshwa gundi ngumu, kisha likasuguliwa mpaka likawa jembamba kiasi cha kupitisha mwanga wa hadubini. Mnaona mistari, mweupe kwa mweusi. Mweupe ni kazi ya kusi. Kuanzia Juni upepo huo huupoza uso wa ziwa na kuukoroga, virutubisho vya chini vinapanda, na diatomu, yaani mwani wa chembe moja wenye magamba kama ya kioo, huzaliana kwa fujo. Zikifa, magamba hayo huzama na kutandika mstari mweupe. Msimu wa vuli na kaskazi unapoingia maji hutulia, na kinachoshuka ni mabaki meusi ya viumbe pamoja na chembe za chokaa. Jozi moja ni mwaka mmoja, na unene wake ni kama milimita moja tu.

Mwaka 2011 Christian Wolff na wenzake walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kupima jozi hizo. Walianza na miaka ya karibu, ambayo hali yake ya hewa inajulikana. Mwaka wa La Nina kusi huvuma sana na vuli huwa haba, hivyo jozi huwa nene. Mwaka wa El Nino jozi huwa nyembamba. Baada ya kupata ufunguo huo waliusoma mfululizo wa miaka 3,000 ya karibuni, halafu wakashuka hadi kwenye tope la enzi ya barafu. Huko walikuta jambo ambalo mimi binafsi sikulitarajia: jozi zinafanana zaidi. Nchi ilikuwa kavu, lakini mwaka ulifuata mwenzake bila kuruka huku na huku kama siku hizi. Hapakuwa na kawaida ya mafuriko mwaka huu na njaa mwaka ujao.

Hapa naomba tuwe waangalifu. Unene wa mstari haupimi mvua. Unapima upepo, na upepo ndio unaotusimulia mvua. Uhusiano huo umethibitishwa kwa hali ya leo. Kuupeleka katika zama ambazo bahari ilikuwa baridi zaidi ni kuamini kwamba mashine ya upepo na mvua ilifanya kazi kwa mtindo ule ule. Mimi naukubali, hasa kwa kuwa hesabu za kompyuta zilizofanywa katika utafiti huo huo zinaelekea upande mmoja na tope, lakini nikimwona mtu anaugeuza mstari kuwa milimita za mvua ninamtilia shaka. Hesabu hizo hizo zinaonyesha pia kwamba dunia ikizidi kupata joto, mvua zetu zitazidi kuyumba. Ndugu zetu wa idara za maji, wenye mabwawa na makalvati, wanaelewa maana yake kuliko mimi, kwa sababu kalvati husombwa na mwaka mmoja mbaya hata kama wastani haukubadilika.

Mwishoni mwa 2016 Chala ilitobolewa tena, na safari hii tope lililotolewa lilifika mita 215 chini ya sakafu, yaani miaka kama 250,000. Ndani yake imo pia enzi ya barafu iliyotangulia hii tunayoizungumzia.

Wakati wa majadiliano sitashangaa mtu akiuliza kwa nini tusitoboe Ziwa Jipe, jirani ya Chala, ambako kufika ni rahisi na hakuna ukingo wa kuteremka kwa mikono na magoti. Jipe kina chake ni mita chache tu. Upepo ukivuma mchana, tope la chini linapanda mpaka juu, na mistari ya mwaka jana inakorogwa pamoja na ya mwaka huu.