Petroli Inayovuja Garini: Namna ya Kuitafuta na Kuikomesha

Mazungumzo kwa wakazi wa Kata ya Magomeni, Manispaa ya Mtwara-Mikindani



Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa petroli inayovuja, huenda asibaki hata wa kuujenga ukuta huo. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na takribani watu 100 wakapoteza maisha. Petroli iliyomo katika gari dogo linalolala uani ni ya aina ile ile. Kiasi chake ni kidogo, lakini tabia ni moja: hutoa mvuke ulio mzito kuliko hewa, nao hutambaa chini kwa chini hadi kulifikia jiko la mkaa la jirani.

Magari ya zamani huvuja kwa sababu zinazoeleweka. Mipira ya mafuta hukakamaa na kupasuka kwa joto la injini. Klipu hulegea kwa mitikisiko ya barabara. Mabomba ya chuma huliwa na kutu, na hapa pwani upepo wa chumvi huizidisha.

Mwenye gari anaponusa petroli, na azime injini, alisukume gari hadi mahali pa wazi palipo mbali na moto, kisha asubiri injini ipoe. Amulike kwa tochi. Kiberiti na koroboi visikaribie kabisa. Atandike vipande vya boksi chini ya gari. Doa la mbele huelekeza kwenye injini, la katikati kwenye mabomba, la nyuma kwenye tangi. Petroli hunuka na kukauka upesi, oili huacha doa la kudumu, na maji ya kiyoyozi hayana harufu.

Wakati wa kuvuja nao ni ushahidi. Gari linalovuja mara tu baada ya kujazwa mafuta aghalabu lina kasoro sehemu ya juu ya tangi au kwenye mpira wa kujazia. Linalovuja injini ikiwaka tu, kasoro hutafutwa penye msukumo: kwenye pampu, filta, mipira na nozeli. Linalodondosha usiku kucha likiwa limezimwa, likaguliwe chini ya tangi.

Kusugua sabuni kwenye tundu la tangi, au kufunga ukanda wa tyubu kwenye bomba, huzuia tone kwa muda mfupi tu. Hayo si matengenezo. Mpira wa maji nao haufai, kwa kuwa petroli huulainisha na kuuharibu. Uwekwe mpira uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta, wenye kipenyo kile kile, pamoja na klipu mpya. Bomba lenye kutu libadilishwe. Kabla ya kufungua chochote, fundi akate waya wa betri. Na kwa gari la nozeli, aondoe kwanza msukumo unaobaki ndani ya mabomba hata injini ikiwa imezimwa.

Jambo la hatari kuliko yote ni kuchomelea tangi. Tangi tupu huonekana salama, lakini mvuke uliobaki ndani hulipuka kwa cheche moja. Lililotoboka libadilishwe, au lipelekwe kwa fundi mwenye ujuzi na vifaa vya kuondoa mvuke wote kwanza.

Petroli iliyomwagika ifukiwe kwa mchanga, isisukumwe mtaroni, kwani mtaro hupita nyumba hadi nyumba. Moto ukitokea, usimwagiwe maji, maana petroli huelea juu yake na kuueneza. Watu wote waondoke, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liarifiwe kwa namba 114.

Mpira wa mafuta ni kitu kidogo katika gari, lakini usalama wa ua mzima huweza kuutegemea. Anayenusa petroli leo, asilale kabla hajajua inakotoka.