Chumvi ya Jikoni Haifai Shambani

Mvua zikishakolea katika vilima vya Mbulu, koa hutoka mafichoni. Mchana hujibanza chini ya mawe na majani yaliyooza. Usiku huparamia miche ya kabichi na maharage, na alfajiri mkulima hukuta majani yametobolewa, ute unang'aa juu yake. Hapo wengi hukimbilia jikoni kuchota chumvi.

Chumvi inaua, hilo halina ubishi. Mwili wa koa kwa sehemu kubwa ni maji, na ngozi yake laini haiwezi kuyazuia. Punje zikimwangukia huyeyuka katika ute, na juu ya ngozi panakuwa na maji yenye chumvi nyingi kuliko yale ya mwilini. Maji ya ndani huvutwa nje. Koa hutoa ute zaidi ili ajikinge, na ute huo nao ni maji yanayompotea. Hujikunja, hutoka povu, hunyauka. Konokono mwenye gamba hujivuta ndani, lakini chumvi iliyokwisha kumganda huingia naye. Ni kifo kibaya. Watoto wanaokifanya mchezo wakatazwe.

Hasara kubwa zaidi iko ardhini. Koa akishakufa, chumvi inabaki. Mvua huishusha hadi kwenye mizizi, na huko mmea hushindwa kunyonya maji hata kama udongo umelowa. Sodiamu iliyomo kwenye chumvi nayo huvuruga udongo wa mfinyanzi: ukikauka huwa mgumu, na maji hayapenyi tena.

Wakazi wa wilaya ya Hanang wanaliona hilo kwa macho. Chini ya Mlima Hanang liko Ziwa Balangida, ambalo halina mto wa kutolea maji. Jua hukausha maji, chumvi ikabaki. Kiangazi kingo zake huwa nyeupe, watu wakachota chumvi hapo, na hakuna anayethubutu kupanda mahindi kwenye weupe ule.

Wairaqw wa Mbulu wamelisha mashamba yao samadi vizazi kwa vizazi. Kuuharibu udongo huo kwa chumvi kwa sababu ya koa wachache ni kosa la kusikitisha, hasa kwa kuwa njia nyingine zipo. Ubao uliolowa ukilazwa kati ya matuta jioni, asubuhi koa huwa wamejikusanya chini yake. Kazi inabaki kuwaokota. Bakuli la pombe lililofukiwa hadi ukingoni huwavuta wakazama. Majivu makavu huwazuia, mpaka yaloane. Dawa za chambo zenye metaldehaidi ziogopwe, kwani mbwa akizila anaweza kufa.

Kumwagilia asubuhi badala ya jioni kunasaidia pia, kwa sababu usiku huwakuta koa juu ya udongo uliokwisha kukauka. Bata nao huwala kwa hamu, ila wasifunguliwe bustanini kabla miche haijakomaa: majani laini hawayaachi.