Mgonjwa Apeleke Habari Kazini



Tunazungumza juu ya jambo ambalo huonekana dogo mpaka siku mtu anapolazwa. Mchuma majani ya chai akilala na homa siku nne bila kupeleka neno, daftari la mnyapara litaandika kwamba ametoroka kazi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yahesabu kuwa kosa kubwa kukosekana kazini bila ruhusa wala sababu halali, na kosa hilo laweza kumfukuzisha mtu papo hapo. Ugonjwa ni sababu halali. Lakini mwajiri ataijuaje asipoambiwa?

Sheria hiyo hiyo humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo siku zisizopungua 7 za likizo ya ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha siku 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Hicho ni kiwango cha chini. Mkataba wa chama cha wafanyakazi waweza kukizidisha. Ili apate mshahara kamili, yampasa amjulishe mwajiri, mapema iwezekanavyo, kwamba hayupo na kwa sababu gani.

Tuyapime maneno hayo. Hayakutaja saa wala idadi ya siku. Aliyepoteza fahamu hatazamiwi kuandika barua. Mwenye simu na nguvu za kusema atatazamiwa kuitumia asubuhi ile ile. Tena si lazima aende mwenyewe, kwani sheria yaruhusu habari ipelekwe na mwingine kwa niaba yake. Hapo ndipo mke, mume, jirani au kiongozi wa jumuiya anapohitajika. Tunapomtembelea mgonjwa na uji wetu, tuulize pia: "Kazini wanajua?"

Habari ya mdomo hukanwa kwa urahisi. Twashauri ujumbe wa simu usiofutwa, au barua ya mistari mitatu yenye jina, tarehe na sababu, nakala yake ibaki nyumbani.

Kisha kuna cheti cha kutoweza kufanya kazi. Wengi hudhani ni lazima kitoke hospitali kubwa. Sivyo. Hutiwa sahihi na daktari aliyehitimu, au na msimamizi wa zahanati kwa niaba yake. Mgonjwa akiombe kabla hajaondoka. Kukifuata baada ya wiki mbili ni taabu tupu.

Uzazi una kanuni yake: mama hutoa notisi ya maandishi ya siku zisizopungua 7, au pungufu kama hali yalazimu, akitaja siku ya kuanza likizo yake ya miezi 3.

Mwajiri naye hakuachwa huru. Yampasa achukue hatua zifaazo ili apate habari mapema mfanyakazi wake anapougua. Kwa maoni yetu, shamba lisilo na mtu wa kupokea habari hizo halijatimiza wajibu huo. Na kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, sharti amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua, na awasikilize.

Aliyefukuzwa isivyo haki apeleke lalamiko kwa afisa wa kazi kabla ya miezi 3 kupita tangu siku ya kufukuzwa, akichukua cheti chake na nakala ya ule ujumbe.