Tairi Nne za Prado: Mada kwa Maofisa Usafirishaji na Ununuzi

Utangulizi

Waandaaji wa semina waliomba mada kuhusu namna ya kuchagua na kukadiria bei ya matairi ya kubadilisha kwenye magari ya juu ya taasisi: Prado, Land Cruiser, Fortuner, RAV4 na ndugu zao. Mwenye gari lake binafsi naye atapata la kuchukua, kwa kuwa maduka ni yale yale na barabara ni zile zile. Malori na mabasi hayamo, isipokuwa basi moja la Uingereza litakalotajwa mbele.

Istilahi

Hizi zinajulikana, zipitwe haraka. Tairi lililoandikwa 265/65R17 112S lina upana wa milimita 265, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, R ni muundo wa radiali, na 17 ni ukubwa wa ringi kwa inchi. Namba 112 ni uwezo wa mzigo, yaani kilo 1,120 kwa tairi moja. S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. Tarakimu nne zinazofunga mstari wa DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata ikibaki milimita 1.6, tairi ni kipara hata kama dereva anasema bado linavumilia.

Fomu ya maombi

Hapa ndipo mada itakapokaa, na mtoa mada anaomba radhi mapema kwa waliotarajia maelezo marefu ya chapa.

Fomu inayofika kitengo cha ununuzi mara nyingi ina maneno matatu tu: "Tairi za Prado", kisha idadi, 4. Wauzaji watatu wanaleta profoma, kamati inakaa, bei ya chini inashinda. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyevunja kanuni, na mkaguzi akija atakuta jalada limepangwa vizuri. Miezi michache baadaye gari linarudi gereji ubavu umevimba, na dereva anaandikiwa barua ya kujieleza. Mtoa mada amerudisha fomu za namna hii kwa miaka mingi, na kwa miaka mingi zimerudi zilivyo, safari hii zikiwa na mhuri.

Swali ambalo fomu haiulizi ni jinsi bei ya chini ilivyopata kuwa ya chini. Njia ziko kadhaa, na zote ni halali maadamu mnunuzi hakutaja anachotaka.

Ya kwanza ni kipimo. Tairi la 225/65R17 linaingia kwenye ringi ya inchi 17 bila ubishi, na linauzwa rahisi kwa sababu ni la magari mepesi kama RAV4. Uwezo wake kwa kawaida ni 102, yaani kilo 850. Ukilifunga kwenye Prado, kila gurudumu limepoteza kilo 270 za uwezo kabla abiria hajapanda, na gari lenyewe likipakiwa kamili linakaribia tani tatu. Kipenyo nacho kinashuka kutoka milimita 776 hadi 724. Magurudumu yanazunguka zaidi kwa umbali ule ule, hivyo kilomita 1,000 za barabarani zinasomeka takriban 1,072 kwenye dashibodi. Mhasibu anayekagua matumizi ya mafuta atafurahi: gari limeanza kula kidogo.

Ya pili ni aina, ingawa hii haishushi bei bali huipandisha. Tairi lenye herufi LT limetengenezwa kwa kazi nzito na ubavu wake ni mgumu, ndiyo maana linapendwa na wanaopita kokoto za Serengeti au Loliondo. Lakini uwezo wake ulioandikwa unapatikana kwa upepo mwingi kuliko tairi la kawaida. Ukilijaza kwa namba iliyobandikwa kwenye mlango wa dereva, ambayo ilipangwa kwa tairi lililokuja na gari, huenda linabeba pungufu ya lile ulilolitoa. Taasisi imelipa zaidi ikapata kidogo, na hapo kosa si la muuzaji.

Ya tatu ndiyo inayomkera mtoa mada kuliko zote: umri. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilishasimama, na Sameer ya Nairobi ilifunga chake mwaka 2016. Matairi mengi yanayouzwa Kariakoo au Kirinyaga Road yamevuka bahari, yakakaa bandarini, yakahamia ghala la jumla, kisha rafu ya duka. Mpira hauhitaji kutembea ili uzeeke. Hewa na joto vinaukausha ukiwa umelala. Tairi lililohifadhiwa vizuri kwa mwaka mmoja au miwili si bovu, na mada haitaki kuwatisha wafanyabiashara. Ila lililokaa miaka mitano rafuni linauzwa kama jipya, kashata yote ipo, nywele za mpira bado zimesimama, na bei yake imepunguzwa ili litoke. Kamati ya mapokezi inahesabu nne na kusaini.

Ushahidi wa umri upo. Septemba 2012 basi lililobeba watu waliotoka kwenye tamasha lilipata ajali katika barabara ya A3, Surrey, Uingereza, na watu watatu wakafa. Tairi la mbele lililopasuka lilikuwa na zaidi ya miaka 19, na kashata yake ilikuwa bado inafaa kisheria. Baada ya kampeni ndefu ya mama wa mmoja wa waliokufa, Uingereza ilipiga marufuku, kuanzia Februari 2021, matairi yenye zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi. Kwa magari madogo, Michelin inashauri miaka 10 iwe kikomo, na watengenezaji kadhaa wa magari wanataja 6. Spea iliyoning'inia nyuma ya gari nayo inahesabiwa, ingawa haijawahi kugusa lami.

Upepo

Dakika haziruhusu mengi, lakini kisa cha Ford Explorer hakiwezi kurukwa. Agosti 2000 Firestone iliita yarudishwe matairi takriban milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa kwenye gari hilo la SUV, baada ya kashata kubanduka gari likiwa kasini na gari kupinduka. Vifo 271 vilihusishwa na matairi hayo. Kampuni hizo mbili zilirushiana lawama, na mojawapo ya mabishano ilikuwa upepo: Ford ilipendekeza psi 26, Firestone ikataka 30. Upepo ukipungua ubavu unakunjika zaidi, joto linapanda, na tabaka za ndani zinaachana. Taasisi nyingi zenye magari kumi hazina geji moja ya upepo inayoaminika. Fundi wa pancha ndiye mwenye kipimo, na kipimo chake mara nyingi ni teke.

Bei

Profoma ya shilingi 400,000 isiyo na VAT ni 472,000 ikiongezwa asilimia 18, na kamati hulinganisha hizo mbili kana kwamba ni kitu kimoja. Kufunga, balansi, valvu na alaimenti huachwa nje, kisha hulipwa kwa fedha za dharura.

Kipimo sahihi ni gharama kwa kilomita. Tuchukue mfano wa hesabu tu: tairi la 380,000 linalotembea kilomita 40,000 linagharimu shilingi 9.50 kwa kilomita. La 560,000 linalofika 70,000 ni shilingi 8. La mtumba la 150,000 linaloishia 15,000 ni shilingi 10. Lililo rahisi dukani ndilo ghali barabarani. Hesabu hii inataka kumbukumbu za kilomita kwa kila tairi, na stoo nyingi hazina.

Mapendekezo

Fomu itaje kipimo kamili, uwezo wa mzigo na herufi ya mwendo. Ikishindikana yote, itaje uwezo wa mzigo. Taratibu za ununuzi wa umma zinabana kutaja chapa bila kuongeza "au inayolingana nayo", na mtoa mada hapingi hilo. Namba si chapa. Fomu ikiandika "265/65R17, uwezo usiopungua 112" haimpendelei mtu.

Fomu itaje pia umri: matairi yasizidi miezi 18 tangu wiki ya kutengenezwa siku ya kupokelewa, na manne yakaribiane. Mwenye hoja kwamba miezi 18 ni michache aandike 24, mradi aandike.

Kamati ya mapokezi isome tarakimu za DOT na kuzinakili kwenye hati kabla ya kusaini. Kalamu na tochi vinatosha.

Profoma zote zije na VAT, kufunga, balansi na alaimenti ndani. Isiyo nazo irudishwe, kama fomu zinavyopaswa kurudishwa.

Magari yanayoendesha magurudumu yote manne muda wote, Prado ikiwemo, yabadilishiwe manne kwa pamoja inapowezekana. Tofauti ya kashata huufanya mfumo wa kugawa nguvu ufanye kazi bila kupumzika. Subaru, kwa mfano, inataka mzunguko wa matairi usitofautiane kwa zaidi ya robo inchi. Bajeti ikiruhusu mawili tu, na gari likiwa si la aina hiyo, mapya yafungwe nyuma. Madereva watabisha, wabishiwe kwa upole.

Kila gari liwe na geji yake, upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, na spea ipimwe pia.

Uwezo wa mzigo utajwe kwenye fomu. Limeshasemwa, na linarudiwa kwa sababu ndilo linalosahaulika.

Matairi yaliyotolewa yatobolewe ubavuni mbele ya mtunza stoo kabla ya kuondoka kwenye yadi. Bila hivyo yatauzwa kama mtumba, na si ajabu moja likarudi kupitia profoma ya robo mwaka ijayo. Sampuli ya fomu imeambatishwa, na nafasi ya tarakimu za DOT iko safu ya tano.