Chini ya Nusu Sekunde



Ukitaja Ufini mbele ya mzee aliyefuatilia riadha miaka ya sabini, atakujibu jina moja tu: Lasse Virén. Polisi huyo alianguka katikati ya mbio za mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, akainuka, akawafukuzia wenzake, akachukua dhahabu na rekodi ya dunia juu yake. Mita 5,000 nazo akazoa. Montreal 1976 akarudia zote mbili.

Sasa twende Moscow, tarehe 1 Agosti 1980, fainali ya mita 5,000. Kenya imesusia, Tanzania ipo. Miruts Yifter wa Ethiopia anamaliza wa kwanza kwa dakika 13 na sekunde 20.9. Wa pili ni Suleiman Nyambui, kijana wetu kutoka Majita, Musoma: 13 na 21.6. Wa tatu Mfini, Kaarlo Maaninka: 13 na 22.0. Hata nusu sekunde haikufika kati ya Nyambui na Maaninka! Maaninka alikuja kukiri mwenyewe kwamba aliongezewa damu kabla ya michezo ile. Sheria za wakati huo hazikukataza, kwa hiyo simwiti mwizi. Ila aliongezewa, na bado Nyambui alimtangulia.

Siku moja kabla yake, Filbert Bayi alikuwa amepata fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Kuanzia hapo mpaka Paris 2024, medali zetu za Olimpiki zimebaki hizo hizo mbili. Nyambui aliendelea, akashinda marathoni ya Berlin 1987 na 1988. Na Septemba 2025 Alphonce Simbu katwaa dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo, akimzidi Mjerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde.

Sehemu tatu za mia, msikilizaji. Ndiyo maana nimekumbuka mashindano ya shule niliyoyatazama huku kwetu, shule siitaji. Uwanja mchanga mtupu, watazamaji chini ya mikorosho. Binti mmoja, miguu peku, kawaacha wenzake wote mbali. Nikamuuliza mwalimu ametumia dakika ngapi. Akacheka: "Mzee wangu, sisi tunaangalia aliyefika mbele." Daftarini akaandika jina, na namba moja pembeni. Basi.

Mpira tunaujua. Ruangwa tuna timu ya Namungo, na mtoto yeyote atakutajia nani alifunga na dakika ya ngapi. Lakini yule binti, mwaka kesho tutajuaje kama kaongeza mwendo au kapunguza?

Mwalimu, simu yako ina saa ya kupimia muda. Watoto wakijipanga tena kukimbia, ifungue, na pembeni ya jina andika dakika na sekunde.