Hotuba juu ya Safari za Kwanza za Guta Letu



Katika sherehe hii ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, nimetakiwa niseme maneno machache juu ya pikipiki ya magurudumu matatu iliyonunuliwa na chama chetu cha msingi kwa fedha za wanachama. Mimi ndimi niliyekabidhiwa usukani wake.

Chombo cha namna hii si kigeni duniani. Mwaka 1948, Italia ikiwa imetoka vitani na watu wakitafuta usafiri wa bei nafuu, kampuni ya Piaggio ilianza kuuza kigari cha mizigo cha magurudumu matatu, ikakiita Ape, maana yake nyuki. Baadaye kampuni ya Bajaj ya India ikaunda vyombo vya jamii hiyo, na jina lake sasa limekuwa neno letu, bajaji. Guta ni ndugu yake: mbele ni pikipiki, nyuma ni bodi la mizigo.

Siku za kwanza nilikwenda bila mzigo, mwendo wa pole. Najua baadhi yenu mlinung'unika mlipoliona likipita tupu. Lakini vyuma vya injini mpya husuguana mpaka vizoeane, na vumbi lake huingia katika oili. Ndiyo sababu oili ya kwanza humwagwa mapema.

Mtu aliyezoea pikipiki ya magurudumu mawili na ajihadhari. Ile hulala upande wa kona, na dereva hulala nayo, guta halilali. Likiingia konani kwa kasi, uzito wote husukumwa nje, na gurudumu la ndani huanza kuinuka. Basi mwendo hupunguzwa kabla ya kona. Katika barabara ya kutoka Tukuyu kwenda Uyole kona ni nyingi, na malori yaendayo mpakani hayana subira. Nilishika kushoto nikayaachia yapite. Mlimani kuna jambo jingine: mzigo ukirundikwa nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hautii. Kreti nzito hupangwa chini, karibu na mgongo wa dereva.

Safari ya kwanza yenye mzigo ilikuwa ya parachichi, na hapo ndipo ilipo fedha ya mkulima. Tunda hili haliivi mtini. Huanza kuiva likisha kuchumwa. Likigongwa ndani ya gunia, nje huonekana zima, lakini ndani nyama hugeuka nyeusi, na mnunuzi hulikataa. Kwenye njia ya mawe nilikwenda mwendo wa mtu atembeaye upesi, hata watoto wa shule wakanipita wakicheka. Karani alipofungua kreti ghalani, alipokea zote. Mzigo wa namna ile ulipokuwa ukiletwa kwa magunia, hapakukosekana fungu la kurudishwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililoleta maneno. Jioni moja pale Kiwira, mvua ikinyesha, mzee mwanachama aliniomba apande juu ya kreti. Nikamwambia, "Baba, mzigo wako nitaufikisha, lakini wewe sitakupakia." Alikasirika, akasema chombo kimenunuliwa kwa hisa zake. Maneno yake ni ya kweli. Hata hivyo kreti hufungwa kwa kamba, mtu hafungwi. Tena akikaa juu huupandisha uzito, na nimekwisha kueleza konani huwa nini.

Wengine wameniuliza: je, mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku, na gari hakuna? Swali hilo ni zito, wala sitaki lijibiwe na dereva peke yake, gizani, kando ya barabara. Shauri langu ni kwamba sehemu ya nauli za mizigo iwekwe akiba, tununue bajaji yenye viti na paa, ilale kijijini kila usiku. Itatuchukua misimu kadhaa, na gawio litapungua. Wako watakaopinga, nao wana haki.

Jambo hilo litajadiliwa baada ya chakula. Yule mzee wa Kiwira yupo hapa, ameketi safu ya pili, na amekwisha kumwomba Mwenyekiti nafasi ya kusema wa kwanza.